Sifuri za Nyumba Kumi

Mimi ni mtu wa papara. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilitoka tumboni mwa mama kabla mkunga hajamaliza kufunga kanga kiunoni. Kwa hiyo msinicheke nikiwaambia kwamba siku niliyopata sifuri nyingi kuliko siku zote za maisha yangu, nilizipeleka mbio kwa miguu kutoka Kariakoo mpaka mjini, jua la saa saba likinipiga utosini, nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu.

Ilikuwa miaka ile ya mabalozi wa nyumba kumi na foleni za sukari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha tano, niko likizo ya Desemba, naishi na Bibi katika nyumba yake ya vyumba sita, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Bibi aliletwa Dar kutoka Lindi akiwa kigoli, akaolewa hapa, akafiwa na mume hapa, akabaki na nyumba, wapangaji na mguu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na matende. Ulivimba tangu mimi sijazaliwa, na kila asubuhi alipokaa barazani kukaanga vitumbua vya kuuza aliufunika kwa kanga, hata joto likiwa la kuivisha yai. Ukimuuliza umepatwa na nini, atakwambia alikanyaga kitu alichotegewa na mke mwenziwe. Mke mwenziwe alishakufa zamani, lakini Bibi alikuwa bado hajamsamehe. Akitajwa tu, Bibi anatema mate pembeni.

Mtaani walishaamua kwamba nitakuwa daktari. Mtoto anayejua biolojia atakuwa nini kingine? Nami niliitikia tu, maana sikujua kazi nyingine. Siri niliyoificha ni kwamba sikuweza kutazama kidonda. Siku shule ilipotupeleka kutembelea wodi, nilimwona mzee akifunguliwa bendeji, nikaanguka pu! juu ya sinia la dawa. Nesi aliyenizindua aliniambia kwa huruma, "Mwanangu, labda ualimu."

Basi muhula wa mwisho akaja shuleni mwanamke mmoja wa Kihindi, mtu wa makamo, sari ya bluu na raba za turubai miguuni, kuzungumza nasi kuhusu kazi. Alizaliwa Kisutu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu. Mkuu wa shule alimtambulisha kama Daktari, yeye akasema mara moja, "Msije kuniletea mafua yenu. Mimi simtibu mtu. Mimi ni mtafiti." Kisha akatuuliza, "Jana mbu amewauma. Yule mbu kazaliwa wapi?"

Mmoja akasema majanini. Mwingine akasema bonde la Jangwani. Mimi nikaropoka, "Chooni kwetu!"

Darasa zima likaangua kicheko, hata mwalimu. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mama hakucheka.

"Umejuaje?" akaniuliza.

"Nimewaona. Ukimwaga maji jioni wanatoka shimoni wengi kama moshi."

"Wenzako wamejibu walichosikia," akasema. "Wewe umejibu ulichoona. Likizo ikianza, njoo maabara kwangu."

Nilifika siku ya kwanza ya likizo kabla mlinzi hajafungua geti. Maabara yenyewe ilikuwa jengo la zamani lenye harufu ya spiriti na feni mbili, moja ikifanya kazi. Daktari alinikalisha mbele ya hadubini. Chini ya kioo alikuwapo kiluwiluwi wa mbu, yule yule anayecheza kwenye maji machafu na kukunjuka kama mdudu mwenye wazimu. Kwa macho matupu ni takataka. Kwa hadubini, yarabi! Mwili wake ulikuwa kama kioo, na ndani yake niliona kitu kikidunda, kikidunda. Nilimwona akiishi. Nilipiga ukelele mpaka mzee aliyekuwa meza ya pili akamwaga chai yake.

Halafu akaniwekea kioo kingine, tone la damu iliyokauka na kutiwa rangi. Ndani yake kulikuwa na uzi mwembamba uliojikunja. "Huyu ni mnyoo mchanga," Daktari akasema. "Mbu anamnyonya kwa mtu mmoja, anampeleka kwa mwingine. Akikua na kuzaana mwilini miaka na miaka, mguu unavimba."

Nikainua kichwa. "Kwa hiyo si kukanyaga kitu?"

"Kitu gani?"

Nikarudisha jicho kwenye hadubini, nikautazama tena ule uzi.

Siku ile alinitembeza meza kwa meza. Yule mzee wa chai alikuwa ndiye bingwa wa kutia rangi damu. Alianza kwa kufagia chumba kile kile, na sasa madaktari walikuwa wakitoka vyuoni kuja kujifunza kwake. Chumba cha nyuma alikuwapo kijana anayefuga mbu katika vizimba vya chandarua, akiwapa maji ya sukari wakati sisi nyumbani tunaipangia foleni. Kulikuwa na mama anayechora ramani za mitaa, choo kwa choo. Na Daktari mwenyewe, ambaye kazi yake, alivyosema, ilikuwa kuuliza swali ambalo hao wote wanaweza kulijibu. "Daktari wa wodini anamtibu anayekuja," aliniambia. "Mtu lazima akae amtibu, na Mungu ambariki. Lakini mtu mwingine lazima aulize mbona wanakuja wengi hivi, na mbona wanatoka mtaa huu."

Nilirudi nyumbani naongea peke yangu. Jamani, kumbe kuna kazi ya kuuliza! Mimi niliyechapwa utotoni kwa sababu ya maswali! Jioni nilimsimulia Bibi tangu uzi mpaka vizimba, mpaka akasema, "We mtoto, nyamaza nisali, malaika wamechoka kusubiri." Habari ya uzi na mguu sikumwambia. Sikujua niianzie wapi.

Kazi nje ya maabara ilikuwa na chombo chake. Daktari alimpelekea fundi wa bati wa mtaa wa Gerezani kikombe cheupe cha mabati na fimbo ndefu, akaviunga vikawa upawa. Unafika nyumba ya mtu, unatumbukiza upawa shimoni mara tatu, unahesabu viluwiluwi, unaandika kwa penseli, maana wino huyeyuka kwa jasho. Bibi alipouona upawa ule alishika kichwa. "Mjukuu wangu anasoma mpaka kidato cha tano ili achote choo! Ukiuingiza jikoni kwangu, wewe na huo upawa mtalala nje."

Wiki mbili tulizunguka pamoja, Daktari amepandisha sari na kuichomeka kiunoni. Watu walimwita ndani wamwonyeshe watoto wenye vipele, naye alikataa kwa adabu na kuwaelekeza hospitali. Kisha tunachota. Hakuna choo kilichokosa viluwiluwi.

Mwisho wa wiki ya pili akaniita mezani kwake. Miaka ile, ukimaliza kidato cha sita unakwenda jeshi la kujenga taifa, na ukitoka huko serikali ndiyo inayokupangia kazi. Unaweza kupangwa kokote, karani wa bandarini au mwalimu wa hesabu Sumbawanga. Daktari alikuwa na ruhusa ya kuandika barua moja tu kwa mwaka, kuiomba wizara imletee kijana fulani afundishwe utafiti, kisha akionekana anafaa asomeshwe chuo kikuu. Barua moja. "Nataka kuona ukifanya kazi peke yako," alisema. "Chukua nyumba kumi za mtaa wenu. Ukinirudishia kazi safi, barua ni yako."

Sikulala vizuri. Nilikwisha kujiona nimevaa koti jeupe.

Sasa, mimi nimelelewa. Huwezi kuingia ua wa mtu, watu wazima wamekaa, ukapitiliza chooni na upawa mkononi kama mwizi wa kuku. Daktari alikuwa mgeni na mkubwa, yeye walimsamehe. Mimi walinijua tangu natambaa. Kwa hiyo, bila kumuuliza mtu, nikafanya jambo la adabu. Nilikwenda kwa balozi wetu, msimamizi wa nyumba zetu kumi, mzee mwembamba aliyependa mikutano kuliko chakula.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Habari za masomo?"

Nikamweleza kwamba keshokutwa nitapita nyumba zote kumi, kazi ya serikali, kutazama vyoo. Naomba awaarifu wenye nyumba wasishtuke.

"Kazi ya serikali!" Akasimama palepale. "Usiwe na wasiwasi, Ndugu." Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita Ndugu. Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Siku ya siku nilipokewa kama bibi harusi. Kila ua umefagiwa, kila mama kajifunga kanga ya sanduku. Nyumba ya tatu walinitengea kiti na maji ya ndimu. Nikatumbukiza upawa nyumba ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Kufika ya tano nilikuwa natembea nusu mbio. Choo cha Bibi, nyumba ya tisa, kilikuwa kimepigwa chokaa mpaka mlangoni. Sifuri! Ya kumi, sifuri. Mtaa wetu! Katika mji mzima, mtaa wetu peke yake hauna mbu! Njiani kwenda maabara nilikwisha kutunga sababu tatu: chumvi ya ardhini, kivuli cha nyumba, na aina ya udongo. Nilikuwa nimegundua kitu, wallahi, na umri wangu ule.

Daktari aliisoma karatasi akiwa amesimama. Akakaa. Akaisoma tena.

"Nyumba kumi zote?"

"Zote!"

"Maji yalikuwaje?"

Hapo ndipo nilipokosea kweli. Maji yalikuwa na rangi za upinde wa mvua juu yake, na yalinuka oili ya magari. Niliona. Nilinusa. Lakini gereji zilikuwa karibu na mtaa wetu ulinuka oili siku zote, nikajiambia. Na sifuri zangu zilikuwa zinapendeza mno.

"Ya kawaida," nikasema.

Daktari alinitazama kidogo, halafu uso wake ukafunguka kama wangu. Akamwita mama wa ramani. Wakaukunjua mtaa wetu mezani, wakaanza kubishana juu ya udongo. Ijumaa kulikuwa na mkutano wa wakubwa wake, alisema atalitaja jambo hili. Na kabla sijaondoka aliandika barua, akaitia kwenye bahasha, akaniambia nipitie asubuhi niichukue niipeleke wizarani mwenyewe.

Nilifika nyumbani nikiimba. Bibi alikuwa uani kakalia kigoda, mguu kaunyoosha, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Enhe," akasema, "tumekuaibisha?"

"Hata kidogo! Bibi, hakuna kiluwiluwi hata mmoja!"

Akacheka mpaka machozi. "Atoke wapi? Balozi kapita nyumba kwa nyumba na kengele, wewe uko maabara. Anasema ugeni wa serikali unakuja kukagua vyoo, na anayeuleta ni mtoto wetu. Tukasema hatumwangushi mtoto wetu. Wanawake wote tumechangia, tumechukua oili chafu gereji, tumemwaga kila shimo. Ndoo yangu nimeibeba mwenyewe." Akaupigapiga mguu wake. "Na huu huu."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Gereji ile ilikuwa mbali hata kwa mtu mwenye miguu miwili mizima.

"Mbona umenuna?" Bibi akauliza. "Si wanasema mgeni njoo mwenyeji apone?"

Sitajifanya mtakatifu. Nilifikiri kunyamaza. Barua imeshaandikwa, bahasha imefungwa, nani atajua? Lakini Ijumaa Daktari angesimama mbele ya wakubwa zake na sifuri zangu, na hasira zikanipanda, hasira juu yangu mwenyewe, mpaka nikashindwa kula. Asubuhi nilikwenda. Bahasha ilikuwa mezani. Nikasema yote bila kuvuta pumzi: balozi, kengele, oili, na kwamba niliinusa nikasema uongo.

Daktari hakupaza sauti. Alichukua bahasha akaichana vipande viwili. Sauti ya karatasi ile bado ninayo masikioni.

"Oili ningekusamehe, hujui bado kwamba inawaziba pumzi," akasema. "Nimekuuliza maji yalikuwaje."

Nililia. Nikachukua kifutio nizifute zile sifuri. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Hapa hatufuti! Umeona sifuri, zilikuwa sifuri. Piga mstari mmoja zisomeke, andika pembeni kilichotokea, kwa mkono wako, utie saini."

Nikaandika huku kamasi zinanitoka. Alikuwa akisoma juu ya bega langu, na nilipofika kwenye kengele ya balozi nikaona mdomo wake unacheza. Kisha akacheka, akacheka akaegemea ukuta. "Nani alikutuma kwa balozi?"

"Ndiyo adabu, Daktari."

"Adabu ni nzuri. Hodi utapiga. Lakini utaipiga mlangoni, siku hiyo hiyo." Akaacha kucheka ghafla. Akavuta kiti. "Ngoja. Oili waliimwaga siku gani? Saa ngapi? Kila shimo ndoo ngapi?" Akawa anaandika upesi kuliko nilivyoweza kujibu. "Magari ya kupuliza dawa ya mbu yamepita mtaa wenu mara ngapi bila kuwamaliza? Na akina mama wamewamaliza kwa siku moja, kwa sababu ya mgeni. Sasa watarudi baada ya muda gani? Hili ni swali, binti. Hili ni swali zuri!"

Machozi hayajakauka, nikaanza kuruka pale pale. Akaniagiza niende kila Jumatatu, nyumba zile zile, bila kumwambia mtu. Ya barua hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza.

Jumatatu ya kwanza, sifuri tena. Ya pili, wachache, nyumba mbili tatu. Ya tatu nikapiga hodi nyumba ya tisa.

Bibi alitoka amekasirika. "Mbona hukusema unakuja?"

"Nimekatazwa, Bibi."

Aliniandama mpaka chooni, akasimama mlangoni. Nikachota mara moja, mbili, tatu. Nikamimina kwenye bakuli jeupe. Walikuwa wanachemka. Nikahesabu arobaini na moja.

"Andika hakuna," Bibi akanong'ona. "Tafadhali, mwanangu. Watu wa mjini wasome choo changu? Nitauficha wapi uso?"

Penseli ilikuwa mkononi. Kama kuna siku nilitaka kumtii, ni ile. Badala yake nilimletea kigoda, nikamwekea bakuli mapajani, nikamwambia kile nilichokuwa nimekificha tangu siku ya kwanza. Kwamba hawa wanakuwa mbu, mbu wanabeba uzi kutoka damu hii kwenda damu ile, na uzi ndio unaovimbisha mguu. Kwamba nimeuona kwa macho yangu.

Aliinama akawatazama muda mrefu. Kanga ikamtoka mguuni, asiirudishe.

"Kwa hiyo sikutegewa kitu."

"Hapana, Bibi."

"Yule mwanamke. Subhanallah. Nimemlaani miaka yote hii. Mpaka msiba wake sikwenda." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akanirudishia bakuli, akaninyooshea kidole. "Andika. Andika wote, usimbakize hata mmoja."

Daktari alipopokea karatasi aliipitisha kidole mpaka mstari wa tisa. "Hapa ndipo penye wengi kuliko pote. Kwa nani?"

"Kwetu."

Akavuta karatasi nyeupe, akaandika, akaigeuza niisome kabla ya kuifunga. Ilikuwa na mistari mitatu, na wa mwisho ulisema: "Anaandika anachokiona, hata kikiwa nyumbani kwake." Niliikumbatia barua ile nikatoka mbio kwenda wizarani huku nalia kwa furaha, mpaka mlinzi wa huko akaniuliza nimefiwa na nani.